Aliyewapa waasi bunduki anadaiwa nini?

SWALI: Kamwene wakili. Mimi ni dereva wa malori, naishi Uyole, na safari zangu nyingi ni za Tunduma kwenda Lubumbashi. Kuna dereva mwenzangu, Mkongo mzaliwa wa Bunia. Nyumba ya baba yake ilichomwa wakati jeshi la Uganda likiwa mkoa wa Ituri, mashariki mwa Kongo, lakini waliochoma ni wanamgambo wa huko huko. Tukiwa kwenye foleni ya mpakani akaniuliza: nchi ikiwapa silaha waasi wa nchi nyingine, nani anadaiwa? Nikamwambia ni aliyetoa bunduki. Akanigeuzia: mbona ninyi Watanzania mliwaweka wapiganaji Mgagao, kule Iringa? Mama yangu ni wa Kilolo, wapiganaji hao aliwaona kwa macho yake, lakini mimi nilikosa jibu. Tusaidie.

JIBU: Kamwene ndugu yangu. Ulimjibu vizuri, ila jibu lako lilibakiza kitu. Aliyetoa bunduki anadaiwa, lakini sheria ya kimataifa inatenganisha madeni mawili. La kwanza ni kosa lake mwenyewe la kuingilia nchi ya watu. La pili ni yale waliyoyatenda waliopewa hizo bunduki: mauaji, ubakaji, moto. Deni la kwanza huthibitishwa kwa urahisi zaidi. La pili ndilo gumu.

Kesi iliyoweka msingi ni ya Nicaragua dhidi ya Marekani, iliyoamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, mwaka 1986. Majaji walikubali kwamba Marekani iliwafadhili waasi wa Contra, waliokuwa wakipigana na serikali ya Nicaragua, ikawafunza na kuwapa silaha, na wakasema huo ni uvunjaji wa sheria. Lakini ukatili wa Contra wenyewe hawakuubebesha Marekani, kwa sababu haikuthibitika kwamba Marekani ndiyo iliyoziongoza na kuzidhibiti operesheni zile ambamo ukatili ulitendeka. Nasema wazi kwamba kipimo hiki kinawaumiza wahanga. Mwanakijiji aliyekimbia na watoto usiku atautoa wapi ushahidi wa nani alitoa amri, na kwa simu ipi?

Sasa tuje kwa rafiki yako, maana kesi ya nchi yake ilifungua mlango. Mwaka 2005 mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya Kongo dhidi ya Uganda. Kuhusu MLC, kundi la waasi wa Kongo lililoongozwa na Jean-Pierre Bemba, majaji walifuata njia ya Nicaragua: Uganda ilikosa kwa kuwafunza na kuwasaidia kijeshi, lakini haikuthibitika kwamba ilikuwa inawadhibiti. Ituri ilikuwa habari nyingine. Huko jeshi la Uganda lilikuwa limeikalia ardhi na kushika mamlaka, na anayeikalia ardhi ya wengine ana wajibu wa kuwalinda raia wa hapo, hata dhidi ya wanamgambo ambao si askari wake. Kwa hiyo Uganda ilibeba lawama pia kwa kushindwa kuwazuia. Ilipofika hatua ya fidia, majaji walitamka kwamba kwa madhara ya Ituri ni Uganda itakayotakiwa kuonyesha kuwa dhara fulani halikutokana na uzembe wake. Mzigo wa ushahidi ukahama kutoka kwa mhanga. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote katika kesi ile, na ndiyo inayoigusa nyumba ya baba wa rafiki yako.

Februari 2022 Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 325 kwa awamu tano za kila mwaka: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali na 60 kwa maliasili. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11.

Na Mgagao? Mama yako hakuona uhalifu. Wale walikuwa wapiganaji wa ZANU, chama cha ukombozi cha Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, wakipambana na utawala wa walowezi wachache wa Ian Smith, ambao Umoja wa Mataifa ulikataa kuutambua. Mwaka 1968, katika azimio namba 253, Baraza la Usalama lilizihimiza nchi wanachama ziwape watu wa Rhodesia msaada wa hali na mali katika kupigania uhuru wao. Mwaka 1974 Baraza Kuu lilipoeleza maana ya uvamizi, lilisema maana hiyo haiigusi haki ya watu walio chini ya ukoloni kupigana na kupokea msaada. Nchi za Magharibi zilibisha kwamba msaada huo haujumuishi silaha, na ubishi huo haukuisha. Hata hivyo, kumsaidia mtu aliyenyimwa nchi yake ni tofauti na kuwapa bunduki watu wa kuipindua serikali ya jirani au kuchimba dhahabu yake. Mpigania uhuru naye anafungwa na sheria za vita, raia haguswi.

Akikuuliza kuhusu askari wetu waliokwenda Kongo mwaka 2013, walikwenda kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, na serikali ya Kongo yenyewe iliridhia. Ridhaa hiyo inaweza kuondolewa. Uganda nayo ilikuwa na ridhaa ya Kongo mwanzoni, ikaipoteza Agosti 1998, lakini jeshi lake likabaki.

Kongo iliishtaki Rwanda pia, lakini kesi hiyo ilikwama The Hague mwaka 2006 kwa sababu mahakama haikuwa na mamlaka juu yake. Kongo ikafungua nyingine Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Juni 2025 majaji wakasema wanaweza kuisikiliza.

Rafiki yako hawezi kushtaki The Hague mwenyewe. Pale husimama nchi kwa nchi. Njia yake ni mfuko ambao serikali ya Kongo iliuunda kugawa fidia ya Uganda, unaoitwa FRIVAO, wenye makao yake Kisangani. Mwambie akusanye hati ya kiwanja, picha za nyumba kama zipo, majina ya majirani walioshuhudia, na tarehe ya moto kwa kadiri familia inavyoikumbuka. Kama baba yake yu hai, maelezo yaandikwe sasa, kwa maneno yake mwenyewe, na asaini.