Tumbo lililolegea baada ya kujifungua: je, kufyonza mafuta kunatosha?

Dada yangu, umeeleza kuwa una watoto wawili, wa mwisho ana miezi minane na bado ananyonya, na unauliza kama kufyonza mafuta kutaliondoa tumbo linaloning'inia. Kwa jinsi ulivyolieleza, sidhani, kwa sababu kufyonza huondoa mafuta yaliyo chini ya ngozi tu, ilhali ngozi iliyotanuka hubaki, na misuli miwili ya mbele ya tumbo, ambayo ujauzito huiachanisha katikati, haiguswi kabisa. Upasuaji wa kukaza tumbo ndio unaokata ngozi ya ziada na kuishona misuli hiyo ikaribiane. Michirizi iliyo chini ya kitovu mara nyingi huondoka na ngozi hiyo, ya juu hubaki.

Hata hivyo, usiukimbilie sasa. Madaktari wengi hutaka mama awe amemaliza kunyonyesha, uzito wake uwe umetulia kwa miezi kadhaa, na asiwe na mpango wa kuzaa tena, kwani mimba nyingine inaweza kulilegeza tumbo upya. Huu ni upasuaji mkubwa: damu inaweza kuganda katika mishipa ya miguu na bonge likasafiri hadi mapafuni, na kwa takriban wiki 6 hutaruhusiwa kunyanyua kitu kizito, mtoto akiwemo (jambo ambalo matangazo mara chache hulitaja). Kwanza mwone mtaalamu wa fiziotherapia, apime pengo la misuli na kukupangia mazoezi. Na ukiona uvimbe kitovuni unaotokeza unapokohoa, nenda kwa daktari wa upasuaji mapema, maana huenda ni ngiri.