Jibu: Kwa nini Bedford kuukuu bado zinapakia mizigo

Mkuu, umeuliza kwa nini wafanyabiashara wa Pakistan wameng'ang'ania malori ya Bedford ya Uingereza, wakati mapya yapo. Sababu kubwa ni ufundi wake. Injini haina kompyuta hata moja. Fundi anafungua boneti, anasimama pembeni ya injini na kuifikia kwa spana za kawaida. Chini kuna chesisi nene na springi za vyuma. Ukiongeza mzigo, unaongeza jani la springi, safari inaendelea.

Halafu kuna mapambo, na hapa ndipo roho yangu ilipo! Juu ya kabini wanajenga taji la mbao, ubavuni wanachora tausi na maua, na kwenye bampa wananing'iniza minyororo inayolia lori likitembea. Mwenye lori hulipia yote hayo kwa sababu ndilo tangazo lake kwa wenye mizigo.

Sudan nako Bedford zilifungwa bodi za mbao, zikabeba magunia na abiria pamoja hadi kwenye masoko ya jangwani. India walishika njia nyingine: Tata ilianza kuunda malori ya Mercedes-Benz mwaka 1954.