Wikiendi Dar na mwenzi wako mkitokea Dodoma: siku mbili zinatosha, ila msikimbizane na jiji

Kaka uliyeuliza kama siku mbili zinatosha kutembea Dar na mkeo mkitokea Dodoma, na kama laki tatu itawatosha au bora mkusanye mpaka ipatikane ya Zanzibar: nendeni Dar. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu mimi na mume wangu tulifanya safari hiyo hiyo Julai mwaka jana, na ningefurahi sana kama mtu angenieleza haya mapema.

Nianze na suala la ndugu, maana hilo ndilo gumu kuliko nauli. Katika miaka tisa ya ndoa tumekwenda Dar mara nyingi tu: msiba, kumpeleka mama mkwe hospitali, harusi mbili. Kila mara tunafikia kwa shangazi yake mume wangu Mbagala, tunalala sebuleni na watoto, asubuhi tunakimbilia kilichotuleta, tukimaliza tunageuza. Hatukuwahi kukaa Dar hata nusu siku kama watu wawili waliokuja kwa ajili yao wenyewe. Safari hii tukasema watoto wabaki kwa bibi yao, sisi tufikie hotelini.

Mume wangu alitaka twende kimya kimya. Nikakataa. Dar ni kubwa lakini ndugu wana macho kila kona, na shangazi akisikia kwa mtu mwingine kwamba tulilala gesti mjini, hilo jeraha haliponi. Akampigia Jumatano jioni: "Shikamoo shangazi. Tunakuja Ijumaa, ila safari hii tunafikia hotelini, tunataka kutembea mimi na mwenzangu tu. Jumapili tunaomba tule na wewe mchana." Shangazi akanyamaza. Kisha akauliza taratibu, "Kwani kwangu kumekuwaje?" Ilichukua dakika kama kumi kumweleza kwamba kwake hakuna ubaya wowote. Mwisho akasema, "Haya, Jumapili nakuja mwenyewe huko mtakakokuwa." Kaka, usiiruke hatua hii. Mkeo hatafurahia hata bahari kama moyoni anajua kuna mtu mmeficha.

Usafiri ni treni ya SGR, sina cha kujadili hapo. Treni ilipoanza kuleta abiria mpaka Dodoma mwezi wa saba 2024, safari iliyokuwa inakula siku nzima kwa basi ikawa ya saa tatu na ushee. Tulilipa elfu 31 kila mmoja daraja la kawaida, kwenda tu. Mnapokata tiketi muwe na kitambulisho, na stesheni mfike mapema kwa sababu mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege na geti likifungwa limefungwa. Ijumaa jioni tiketi zinaisha haraka, kateni siku kadhaa kabla.

Malazi ndiyo yaliyotutia doa. Nilimtumia meneja wa lodge moja hela yote ya siku mbili kwa simu, elfu 50 kwa usiku mmoja, chumba chenye kiyoyozi. Tumefika usiku, tunaambiwa chumba "kimepata mgeni wa wiki nzima", kimebaki cha feni ghorofa ya nne, na hela hairudi. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, maana safari nzima mimi ndiye niliyeipanga. Mume wangu alibeba begi akasema, "Twende tukaone hiyo feni." Julai Dar haina joto la kukausha mtu, tulilala vizuri. Ila wewe usilipe yote. Lipa kianzio kidogo, na siku ya safari mchana piga simu uwathibitishie kwamba mko njiani.

Na mlale mjini kati, upande wa Kisutu, Posta au Upanga. Watu watakuambia Mbezi Beach au Kunduchi ili muione bahari mkiamka. Kwa siku mbili, mtakachokiona ni foleni. Sisi tulilala karibu na Kisutu na Jumamosi nzima mpaka mchana hatukupanda gari hata moja.

Tuliamka saa kumi na mbili, tukanywa supu na chapati kwenye kibanda cha mama mmoja, tukaanza kutembea Samora kabla maduka hayajafunguliwa. Kwa maoni yangu, ile saa ya asubuhi ya Jumamosi ndiyo Dar bora kuliko zote. Barabara pana, wafagiaji ndio kwanza wanamaliza, kunguru wanapiga kelele juu ya nyaya.

Pale Samora inapokutana na Azikiwe na Maktaba kuna mzunguko wenye sanamu ya Askari. Nimeipita kwenye daladala mara zisizohesabika, sijawahi kuisogelea. Safari hii tulivuka tukasimama chini yake. Ni askari wa shaba, ameinama mbele kidogo, bunduki mkononi, singe imeelekezwa bandarini. Iliwekwa 1927. Kabla yake Wajerumani walikuwa wamesimamisha hapo sanamu ya gavana wao Wissmann, Waingereza walipoingia mji mwaka 1916 wakaiondoa. Chini ya askari kuna maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili, na ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nikaanza kusoma kwa sauti. Ni ukumbusho wa askari Waafrika waliopigana Vita Kuu, na pia wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi.

Mume wangu ni Mgogo. Nilipofika kwenye neno wapagazi akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema bibi yake mzaa baba alikuwa akiwagombeza watoto wakimwaga ugali, anawaambia, nyie hamjui mtunya. Yeye alikua akidhani mtunya ni tusi tu la wazee. Baadaye shuleni ndipo alipojua kwamba ni jina la njaa iliyoipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume wakabebe mizigo, kisha mvua zikagoma. Watu walikufa kwa maelfu. Sasa mume wangu amesimama Posta, asubuhi ya Jumamosi, mbele ya jiwe linalowataja wale wanaume kwa neno moja. Tulikaa pale karibu nusu saa, bajaji zikituzunguka.

Kisha tukakumbuka la pili. Kariakoo, ambako kila Mtanzania amewahi kununua au kutuma mtu anunue kitu, jina lake limetoka hapo hapo: kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na eneo walikokaa likaishia kuitwa Kariakoo kwenye midomo ya watu. Tulikuwa tumepanga kwenda Kariakoo kununua mashuka. Tulikwenda mchana, na kwa kweli sikuweza kulitazama lile soko kama zamani.

Ndiyo maana nakushauri msifanye orodha ndefu. Mume wangu alikuwa ameandika sehemu kumi na nne kwenye simu. Baada ya pale akaifuta mwenyewe, tukabaki na chache tu.

Kutoka Askari teremkeni mpaka baharini. Mtapita Kanisa la Azania Front, la Walutheri, lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani enzi za ukoloni wao, mapaa yake mekundu na mnara unaotazama maji. Jirani yake kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililomalizika 1902, ambalo ukiingia ndani ubaridi wake unakupokea mlangoni. Kaeni kwenye benchi, pumzisheni miguu, kisha fuateni ukingo wa bahari mpaka Feri.

Soko la samaki Feri nendeni kabla ya saa nne. Asubuhi samaki wanauzwa kwa mnada, dalali anapaza sauti, mafungu yako chini, na usipokuwa mwangalifu unanunua kwa kukuna kichwa tu. Kwa hiyo msinunue mnadani. Pembeni kuna wanaouza mmoja mmoja. Tulichukua changu wawili, tukampa kijana akawapara, tukawapeleka kwa wakaangaji. Wanakaanga kwenye makarai makubwa meusi, mafuta yanachemka mpaka samaki akitumbukizwa anaruka kidogo. Tulikula kwa mikono tumesimama, na ndimu na chumvi ya pilipili. Mke wako avae viatu vya kufunika vidole, chini kuna maji ya samaki kila mahali.

Halafu pandeni pantoni. Hilo nalisisitiza kuliko lolote. Ni shilingi 200 kwa mtu wa miguu, mnavuka kwenda Kigamboni kwa dakika chache, na mandhari yake watalii wanayalipia mamia ya dola kwingine. Simameni upande unaotazama mjini. Mnaona makanisa yale mawili mliyotoka kuyapita yamekuwa madogo chini ya maghorofa, na mlango wa bandari ulivyo mwembamba mpaka meli kubwa ikiingia unahisi unaweza kuigusa. Shikeni simu vizuri, watu ni wengi. Sisi tulivuka, tukanywa madafu upande wa pili, tukarudi.

Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert tulikaa saa moja. Inatosha kama mna siku mbili. Nenda umwone Zinjanthropus, fuvu la zamadamu lililopatikana Olduvai mwaka 1959 lenye umri wa karibu miaka milioni 1.75, na magari ya marais, ambayo mume wangu aliyazunguka mara tatu. Kuna pia ukumbusho wa waliouawa kwenye bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Pale tulinyamaza.

Jioni ya Jumamosi tulipanda basi la mwendokasi mpaka Magomeni, tukaulizia Mtaa wa Ifunda ilipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere miaka ya hamsini, alipoacha ualimu Pugu ili ashughulike na TANU, chama cha kudai uhuru. Tulipiga simu kwanza kuhakikisha kuna mtu wa kutufungulia, nanyi fanyeni hivyo. Ni nyumba ya kawaida kabisa, ya mtaani, vyumba vidogo. Mimi kilichonishika ni habari ya Mama Maria. Mume ameacha mshahara, watoto wadogo, nyumba imejaa wageni wa siasa, yeye akaendesha duka dogo akiuza mafuta ya taa ili maisha yaende. Nilimtazama mume wangu, ambaye mwaka juzi alipoteza kazi na tukaishi miezi minane kwa cherehani yangu. Hatukusema kitu. Alinishika mkono tukatoka hivyo hivyo mpaka kituoni, jambo ambalo Dodoma halifanyi kabisa mbele za watu.

Jumapili tulisali asubuhi, tukapanda bajaji kupitia Daraja la Tanzanite mpaka Coco Beach. Daraja lile, la mwaka 2022, lina urefu wa kilomita moja na ushee na linapita juu ya bahari, mwambieni dereva asikimbize. Coco ni mihogo ya kukaanga na kachumbari, mishikaki, upepo. Shangazi alitukuta pale saa sita na kanga mpya mbili ndani ya mfuko wa nailoni, moja yangu, moja ya mama mkwe. Alikula mihogo, akasema hajafika Coco tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi. Alivua viatu akaingia majini mpaka kwenye vifundo vya miguu, akacheka. Kama tungekwenda kimya kimya tungelikosa hilo.

Kuhusu hela. Treni kwenda na kurudi watu wawili ni 124,000. Malazi 100,000. Chakula, bajaji, viingilio na vidogo vidogo tulitumia kama 110,000, bila mashuka ya Kariakoo. Kwa hiyo laki tatu mtabanwa, tafuteni laki tatu na nusu mle bila kuhesabu. Zanzibar nendeni siku mkiwa na siku nne na hela ya boti juu yake; kuibana kwenye wikiendi moja ni kwenda kuchoka.

Wakati wa kurudi kaeni dirishani, na msafiri mchana ili mzione milima ya Kilosa. Sisi tulipopita Morogoro mume wangu akampigia babu yake mdogo aliyeko Bahi, amsalimie na amuulize habari ya mtunya, nani kwenye ukoo alichukuliwa upagazi na kama alirudi. Mzee akaanza kutaja majina. Nilitoa kalamu nikawa naandika nyuma ya tiketi. Tukaingia kwenye mahandaki, mtandao ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Tulipotoka handaki la mwisho akampigia upya, na mzee akapokea akiwa katikati ya sentensi, kumbe muda wote hakuacha kuongea.