Kupanga rangi ya mwanga kwenye utando wa akriliki

Anayeanza kazi hii hudhani akichanganya fluorofori (rangi zinazofyonza mwanga kisha kung'aa) za buluu, kijani na nyekundu kwa viwango sawa atapata mwanga mweupe. Atapata mwekundu. Nishati huteremka kutoka ya buluu kwenda ya kijani, kisha nyekundu, kwa hiyo nyekundu ndiyo huwekwa kidogo kuliko zote.

Ndani ya kabati la kuvuta mvuke, yeyusha gramu 1 ya akriliki (PMMA) katika mililita 10 za kloroformu, ukoroge hadi mabonge yaishe. Usihangaike kupima miligramu 0.1 ya fluorofori kwenye mizani. Andaa miyeyusho mama (ya akiba, ya kuchotwa kidogo kidogo) ya miligramu 1 kwa mililita: perilini (buluu), kumarini 6 (kijani) na naili redi (nyekundu). Mililita 1 ya myeyusho huo kwa gramu 1 ya akriliki ni asilimia 0.1 kwa uzito; mikrolita 100 ni asilimia 0.01. Ukishapata buluu na kijani, badilisha naili redi peke yake, hatua ndogo ndogo. Mulika kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 405: perilini huifyonza vizuri, naili redi karibu haiigusi.

Mimina mchanganyiko kwenye sahani ya kioo iliyolala sawa, ufunike ukiacha upenyo mdogo. Kloroformu ikikimbia upesi, mapovu hubaki ndani, na ubaridi wa uvukizi huvuta unyevu wa hewa hadi utando ukapata ukungu.

Sasa jambo linalowachanganya wengi. Naili redi ikiwa asilimia 0.1, molekuli zake ziko mbali kwa wastani wa nanomita 8 hivi, ilhali uhamisho wa Förster (nishati kuruka moja kwa moja kutoka molekuli hadi molekuli bila mwanga kutoka) huwa na nguvu kwenye nanomita 2 hadi 6. Mbona rangi imehama? Mara nyingi ni kwa sababu mwanga wa kijani umetoka kweli, ukafyonzwa tena njiani. Tengeneza utando mwembamba wenye mchanganyiko uleule: rangi ikirudi kwenye kijani, ni ufyonzaji. Kipimo cha uhakika ni muda wa kung'aa wa kumarini, yaani muda inaokaa na nishati kabla ya kutoa mwanga. Uhamisho wa Förster huufupisha, ufyonzaji haufanyi hivyo.

Ukikaribia asilimia 1, molekuli huanza kushikana na mwanga hufifia. Kuongeza zaidi ni hasara tupu. Na linganisha sampuli zenye unene mmoja, ukipima uso wa utando, si ukingo: mwanga wa ukingoni umesafiri mbali ndani ya akriliki, hivyo huwa mwekundu zaidi.