Jibu: Kondo la nyuma hupata wapi estrojeni?

Waalaikumu salaam dada yangu. Umeuliza vipi kondo la nyuma ligeuze homoni za kiume kuwa za kike, na kama ni maradhi. Si maradhi, ndiyo kazi yake. Kondo halina kimeng'enya cha kuunda androjeni, yaani homoni za kiume, lenyewe, basi huletewa: tezi zilizo juu ya figo za mtoto hutoa DHEA-S, androjeni dhaifu iliyofungwa na salfeti, ini lake huiongezea oksijeni, kitovu huisafirisha. Kondo huivua salfeti, kisha aromatesi, kimeng'enya kinachogeuza androjeni kuwa estrojeni, humaliza, ikatoka estrojeni, yaani homoni ya kike, hasa aina yake iitwayo estrioli. Mimi nazalisha huku Chake Chake. Kila nikilipokea kondo, lina joto bado, nusu kilo hivi, nawaona mama na mwana waliopika chungu kimoja. Aromatesi ikikosekana, androjeni hulimbikizana, hata mama mjamzito huweza kuota ndevu.