Watu wanne kwa Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, hadi Nanyuki, chakula cha mchana?

Ndugu, ikiwa wote wanne ni watu wazima, tafadhali usijaribu. Kutua Nanyuki si shida. Shida ni kuruka mkishashiba, jua likiwa utosini. Uwanja uko zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, hata kabla ya kuhesabu joto. Chukua abiria wawili, na uzito wa mafuta uupime: lita ni kilo 0.72. Kabla ya kuruka, fungua throto (mkono wa nguvu ya injini) yote, punguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa hadi mizunguko ya injini ifike kilele, kisha ongeza kidogo. Wengi husahau, injini ikasongwa na mafuta. Ondokeni uwanja wa Wilson, Nairobi, asubuhi, mle mapema Barney's, mgahawa wa pale uwanjani Nanyuki, mrudi kabla mawingu ya Mlima Kenya hayajajaa.