Pazia Langu Liliitwa Shuka la Hospitali

Wiki iliyopita mteja alinipigia simu kuuliza zile shia, yale mapazia mepesi ya kupitisha mwanga, kwenye picha ya sebule niliyomtengenezea zinauzwa duka gani. Mama, hakuna duka. Nilizitengeneza kwenye Blender, programu ya kuchora picha za 3D, saa nane za usiku, feni ikiwa imeelekezwa kwenye kompyuta badala ya kwangu.

Nikaiweka ile picha mtandaoni, na mdogo wangu mmoja anayesoma usanifu majengo akaniandikia: "Kaka, za kwangu zinatoka kama nailoni. Nakosea wapi?" Najibu hapa kwa sababu najua mko wengi.

Mwaka 2019 nilikuwa ofisi moja hapa Dar. Nyumba ilikuwa ya Kigamboni, dirisha kubwa linatazama magharibi. Kwa akili zangu, kinachopitisha mwanga ni kioo, basi pazia nikalipa Glass BSDF, yaani sifa za kioo, na kulikwaruza kidogo. Siku tatu narenda, yaani kompyuta inapiga hesabu za mwanga ili itoe picha. Jua halikuingia, chumba kikawa giza na chengachenga tupu, kama televisheni ya chogo iliyokosa chaneli. Mkuu wangu akaifungua mbele ya mteja, akasema, "Hili ni shuka la hospitali, tena limelowa." Wakacheka wote. Kazi akapewa mwenzangu. Nilicheka nao, lakini chakula cha mchana sikula.

Jumamosi yake nilikwenda Kariakoo, nikanunua mita tatu za shia nyeupe na kuzitundika dirishani kwangu. Nikakaa kitandani nazitazama tangu asubuhi. Kitambaa kikiwa kimoja kinang'aa; pale marinda yanapolaliana kinafifia, panatokea mchirizi wa kijivu. Kivuli cha nondo za dirisha kinapita juu yake kikijipinda kila penye rinda. Na nikisogea karibu, katikati ya nyuzi kuna vitundu, namwona jirani anaanika nguo. Kumbe mwanga unafanya mambo mawili kwa pamoja: mwingine unapita moja kwa moja vitunduni, mwingine unagonga uzi na kusambaa upande wa pili.

Ndiyo maana kwenye Blender unahitaji Transparent (mwanga unaopita moja kwa moja) na Translucent (unaosambaa upande wa pili), zikichanganywa kwa Mix Shader. Mimi huanza na 0.3 upande wa Transparent. Weupe usizidi 0.8, maana hakuna kitambaa kinachorudisha mwanga wote. Pazia liwe karatasi moja, lisipewe unene. Mnaorenda kwa V-Ray, programu nyingine, tumieni VRay2SidedMtl, na huko pia karatasi moja. Nasema tena, karatasi moja! Ukiona mabaka meusi kwenye marinda, tazama Transparent kwenye Light Paths, yaani mara ngapi mwanga unaruhusiwa kupenya: Cycles, injini ya kurenda ya Blender, huanza na 8, na marinda yanazimaliza upesi. Weka 24. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya dirisha, kama fundi pazia yeyote atakavyokwambia, la sivyo hakuna cha kulaliana.

Lakini ndugu zangu, shida yenu haiko kwenye namba. Mnapakua pazia la mtu, mnalibandika, halafu mnalaumu kompyuta. Wangapi mmewahi kutazama pazia la nyumbani kwenu dakika kumi? Mnataka kulipwa kwa dola na hamjui kivuli cha nondo zenu wenyewe kinaangukia wapi saa kumi jioni. Litazameni kwanza.

Yule mkuu wangu wa zamani bado ananifuatilia. Ile picha ya shia aliilaiki Jumanne. Hakuandika kitu.